Nilipima DNA kutafuta asili ya babu, nikamkuta bibi ambaye hakuna aliyewahi kumtaja

Kilembwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auwekee alama arudi baadaye. Nimekaa nao karibu mwaka mzima nikisubiri ruhusa ya shangazi yangu, na wiki hii ameniambia, "Andika, baba, ila majina yetu usiyatoe." Kwa hiyo majina hamtayaona. Mengine yote nitasema.

Nilianza kwa kutaka asilimia, kama wengi wetu. Tumekua tukiambiwa babu mzaa baba alikuwa mtu wa kuja, na kila mzee alitaja kwao tofauti. Nikaona maabara imalize ubishi. Nikaagiza kichupa, nikatema mate, nikasubiri wiki sita.

Asilimia zikaja pamoja na ramani iliyopakwa rangi, maeneo mengine yana upana wa nchi tatu au nne. Nilikesha nikiitazama, nisimwone babu yuko wapi katika rangi zile. Miezi mitano baadaye kampuni ikasahihisha mahesabu yake. Nikafungua tena: eneo lililokuwa na asilimia 11 limebaki na 3, na limezuka jingine ambalo mwanzo halikuwepo kabisa. Mate ni yaleyale.

Ndipo nikaanza kusoma namna kazi hii inavyofanyika. Vinasaba vyetu vina herufi kama bilioni tatu. Vipimo hivi vya kawaida havisomi zote, vinachungulia vituo laki sita au saba hivi ambapo watu hutofautiana. Kisha kampuni inakulinganisha na watu wa leo iliowakusanya kuwa vielelezo vya kila eneo. Wewe unafanana zaidi na nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa asilimia. Kama vielelezo vya kwenu ni vichache, unasukumwa kwa jirani mwenye vingi. Na Afrika, bara lenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lolote, ndilo lililokusanyiwa vielelezo haba. Ongeza na hili: mababu wa wasemaji wa lugha za Kibantu walianza kusambaa kutoka maeneo ya mpaka wa Nigeria na Kameruni miaka 4,000 hadi 5,000 hivi iliyopita. Kwa saa ya vinasaba hiyo ni jana. Makabila yanayojiona mbalimbali kabisa bado yanafanana mno ndani ya kichupa.

Kwa hiyo nawaambia kwa dhati, wakuu: anayepima ili aambiwe kabila lake asitarajie jibu. Kabila linarithiwa kwa lugha, kwa ndoa, kwa aliyekulea na kukupa jina. Hakuna jeni ya kabila.

Kilichogeuza ukoo wetu ni ukurasa wa pili, ambao nusura niufunge bila kuusoma. Orodha ya ndugu, yaani watu wengine waliopima ambao vinasaba vyao vinashiriki vipande na vyangu.

Nyota ya Jaha

Mkuu usituache njiani, endelea. Ila nina la kwangu linaninyima usingizi. Mimi na kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, tumepima kampuni moja na asilimia zimekuja tofauti. Yeye ana eneo ambalo mimi sina hata chembe. Alizisoma kwa sauti mbele ya wazazi. Baba hajasema neno siku ya tatu leo, mama analia jikoni. Hii ina maana gani?

Kijiti cha Pamba

Nyota, pole. Nafanya kazi maabara, ngoja nikujibu kabla nyumba haijaharibika. Tofauti ya asilimia kati ya ndugu wa tumbo moja haina ubaya wowote. Kila mmoja wenu amepewa nusu ya vinasaba vya baba na nusu ya mama, lakini si nusu ileile. Chukulia mzazi ana karata 40 na kila mtoto anapewa 20 baada ya karata kuchanganywa upya. Kaka yako amepewa karata ambayo kwako haikuanguka.

Sasa nenda kwenye orodha ya ndugu, bonyeza jina la kaka yako, tazama namba iliyoandikwa sentimogani. Hicho ni kipimo cha vipande vya vinasaba mnavyoshiriki. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja huwa karibu na 2,600. Wanaoshiriki mzazi mmoja tu huzunguka 1,750. Mzazi na mtoto wake ni kama 3,400 hadi 3,500. Wajukuu wa babu na bibi wamoja ni kama 870. Mkikutania kwa babu wa baba au bibi wa mama, 230 hivi, na kuanzia hapo namba inaporomoka haraka.

Soma hiyo namba, kisha uwaite wazazi wako wakiwa pamoja.

Kilembwe (mwanzisha uzi)

Asante sana Kijiti, maana namba hizo ndizo zilizonifikisha nilipo.

Baba yangu alishafariki. Nilipoiona orodha nikawa na uchu wa kujua nani ni wa upande wa baba na nani wa upande wa mama, nikasoma kwamba njia nyepesi ni kupima wazee walio hai. Mama akakubali siku hiyohiyo. Shangazi, dada yake baba, nilimfuata kwake.

Alikaa kwenye kiti chake cha kamba na kichupa mkononi dakika ishirini nzima, mate hayafiki mstari. Uzeeni kinywa hukauka. Nikamwambia asugue mashavu kwa nje taratibu kwa vidole, akafanya hivyo, akatema tena, akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha akakitazama. Akaniuliza, "Hiki kitasema kila kitu?" Nikamjibu kwa furaha, "Kila kitu, shangazi." Akanirudishia kifuniko. Nilikifunga bila kuuona uso wake, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mtu mwenye akili timamu angesimama pale amuulize kwa nini ameuliza.

Shangazi na mtoto wa kaka yake hutarajiwa kushiriki 1,750 hivi. Yetu ilirudi 862.

Nikadhani vichupa vimebadilishana. Nikamwomba baba mdogo, wa mwisho kuzaliwa kwao, naye akapima. Yeye na shangazi: 2,640. Ndugu kamili. Yeye na mimi: 901. Ina maana aliyetengana na wenzake ni marehemu baba yangu. Alishiriki nao mzazi mmoja tu.

Swali likawa mzazi yupi. Hapo kromosomu Y ilisaidia, kwa sababu inashuka kutoka baba kwenda kwa mwana wa kiume bila kuchanganyika na vinasaba vya mama. Yangu na ya baba mdogo zilikuwa kundi moja.

Mkongwe

Nimesoma kwa utulivu na nitasema bila kumung'unya maneno. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Walilisema wakijua wanachokilinda. Mtoto akizaliwa ndani ya nyumba ni wa nyumba, anarithi, anazika na kuzikwa. Ninyi mnalipa ili mfukue kilichofunikwa na watu waliokuwa na sababu ya kukifunika. Huyo shangazi yako amebeba siri miaka mingapi? Umemvua nguo mbele ya wadogo zake.

Kijiti cha Pamba

Mzee Mkongwe, shikamoo. Hoja yako nzito, namwachia Kilembwe aijibu mwenyewe. Mimi nirekebishe la kitaalamu tu. Kundi la Y kulingana si uthibitisho peke yake. Kuna makundi yanayobebwa na mamilioni ya wanaume Afrika nzima, unaweza kuwa kundi moja na mtu mliyeachana maelfu ya miaka. Kinachofunga hesabu ni ile orodha: je, ndugu wa mbali wa upande wa babu wanaonekana kwako, kwa shangazi na kwa baba mdogo, ninyi watatu?

Na watu waelewe tofauti ya njia hizi. Y inafuata mwanamume tu, baba wa baba wa baba. Ile ya mitokondria, vinasaba vichache vilivyo nje ya kiini cha seli, herufi 16,569, inafuata mama wa mama wa mama. Wana wa kiume wanayo ila hawaipitishi. Ukirudi vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za mababu, na njia hizi mbili zinakuonyesha wawili tu kati yao. Vinasaba vingine vyote vinachanganywa kila kizazi, na kufikia kizazi hicho cha kumi wengi wa wale 1,024 hawakukuachia hata kipande, ingawa bila wao usingezaliwa.

Mfano ninaoupenda ni wa Richard III, mfalme wa Uingereza aliyeuawa vitani 1485. Mifupa yake ilifukuliwa Leicester mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari. Mitokondria yake ilioana na ya watu walio hai, wazao wa dada yake kupitia akina mama watupu kwa zaidi ya karne tano. Lakini Y yake haikuoana na ya wanaume wa ukoo ulioaminika kuwa wa damu moja naye. Mahali fulani katikati, baba aliyeandikwa hakuwa aliyezaa. Ripoti ilitoka 2014.

Kuna nyingine ya kutugusa sisi wenye lugha hii. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa miji ya kale ya pwani ya Waswahili na mji mmoja wa bara, yakiwemo ya Mtwapa, Manda na Kilwa. Mitokondria karibu zote ni za Kiafrika. Y nyingi ni za Asia, na sehemu kubwa ya Uasia huo ni ya Uajemi. Kuchanganyika kulishaanza kufikia mwaka 1000 hivi. Simulizi ya Washirazi, kwamba baadhi ya mababu wa pwani walitoka Uajemi, ambayo wasomi wengi waliiona ni majigambo ya wenye nacho, ikaonekana ina ukweli ndani yake. Na papo hapo wakaonekana akina mama wa Kiafrika, ambao simulizi hiyo iliwapitia juu juu, na ambao kwa wengi wa waliopimwa walichangia zaidi ya nusu ya vinasaba.

Kilembwe (mwanzisha uzi)

Mzee Mkongwe, maneno yako nimeyasoma mara tatu. Kosa la kumpima shangazi bila kumweleza kipimo kinaweza kutoa nini, nalikubali lote. Alitoa mate yake kwa kunipenda, hakutoa siri yake. Leo mtu akiniuliza, namwambia akae na mzee wake kwanza, amwambie waziwazi: huenda ikaonekana fulani hakuzaliwa na tuliyemdhani, je, uko tayari? Akisita, kichupa kirudi mfukoni.

Lakini la kumvua nguo, hapana. Sikulisema kwa mtu. Ndugu wa mbali wa upande wa babu walionekana kwetu watatu kama anavyosema Kijiti, nikawa na uhakika kwamba babu ni mmoja. Nikakaa na jambo hilo siku kumi na moja. Kisha nikaenda kwa shangazi peke yangu, sikubeba karatasi. Nikamwambia, "Shangazi, wewe na baba mama zenu ni wawili."

Akanyamaza. Akanyoosha kanga magotini. Halafu akasema, "Mama alipoingia nyumba ile alimkuta baba yako ana miezi minne."

Hivi ndivyo alivyonieleza. Babu alikuwa na mke kabla ya bibi yetu tunayemjua. Alifariki siku chache baada ya kujifungua. Bibi akaolewa, akakabidhiwa kichanga, na siku hiyo akawekeana sharti na babu: neno "kambo" lisitamkwe ndani ya nyumba yake, na mtoto asikue akijua kuwa kuna mama mwingine, asije akajiona mgeni kwa wadogo zake. Babu alikubali. Shangazi alilinasa akiwa msichana wa miaka kumi na minne, msibani, kwa wanawake wawili waliodhani amelala. Alimuuliza mama yake. Bibi alimshika mkono akamwambia, "Umesikia, basi uwe kaburi." Amekuwa kaburi tangu siku hiyo, baba amezikwa naye hajasema.

Nikamuuliza, huyo mama aliitwa nani? Hajui. Wale wanawake walisema "marehemu" tu. Bibi hakuwahi kulitamka jina, wala babu. Baada ya muda shangazi akasema kitu ambacho sikukitilia maanani wakati ule: kwamba mama yake alikuwa mtu wa kumwachia kila mtu mambo yake, ila yeye shangazi alipojifungua binti yake wa kwanza, bibi alisafiri siku mbili kuja kumpa mtoto jina, na jina lenyewe halikuwa la mtu yeyote wanayemjua kwao.

Nyota ya Jaha

Nimelia. Kuzaa si kazi, kazi kulea.

Namba yetu mimi na kaka ni 2,588! Nimewakalisha wazazi sebuleni, nikawaeleza ule mfano wa karata kama ulivyo. Baba aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akasimama akaenda jikoni kwa mama, mimi nikatoka nje niwaache.

Kijiti, Mungu akulipe. Lakini sasa naogopa upande mwingine. Vinasaba vyetu viko kwao. Vinakaa wapi?

Kijiti cha Pamba

Alhamdulillahi kwa hiyo 2,588.

Woga wako una msingi. Mwaka 2023 kampuni ya kupima vinasaba ya 23andMe ilidukuliwa. Wadukuzi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 kwa sababu wenye akaunti walitumia nywila walizotumia kwingine, na kupitia orodha za ndugu za akaunti hizo wakachota taarifa za watu milioni 6.9. Hebu pima hapo: wengi wa walioumia hawakukosea chochote, ndugu yao ndiye aliyeacha mlango wazi. Machi 2025 kampuni hiyohiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika, watu wakahangaika kufuta data zao wasijue atakayenunua ni nani.

Polisi nao wanazitumia hifadhidata za aina hii. Mwaka 2018 California walimkamata muuaji aliyetafutwa miongo kadhaa, kwa kupitia ndugu zake wa mbali waliopakia vinasaba kwenye tovuti ya kutafuta koo. Yeye mwenyewe hakuwahi kupima. Ufaransa, kwa upande wake, sheria inamkataza mtu kujipima hivi kwa ajili ya kutafuta asili tu.

Ushauri wangu: nywila ya peke yake, uthibitisho wa hatua mbili, na usome ukurasa wa ridhaa ya utafiti kabla ya kukubali; kukataa hakukuzuii kupata majibu yako. Omba mate yaliyobaki yaharibiwe. Data yako unaweza kuipakua kisha ukafuta akaunti.

Mkongwe

Kilembwe, nimesoma majibu yako. Sharti la huyo bibi yako limenikalisha kimya. Nami nililelewa hivyo, niliambiwa nikiwa mtu mzima. Ningekuwa mkali kidogo tu kwenye uzi wako kama nisingekuwa mhusika.

Je, jina la marehemu mmelipata?

Kilembwe (mwanzisha uzi)

Mzee wangu, sasa nimeelewa. Ukali wako nimeupokea kama wa mzazi.

Nieleze tulivyomtafuta, huenda kuna mtu humu ana kitendawili kama chetu. Nilichukua orodha yangu yote. Kila jina lililoonekana pia kwa mama yangu, nikaliweka kando. Kila lililoonekana pia kwa shangazi au baba mdogo nikaliweka kando vilevile, maana hao ni wa babu. Waliobaki, wanaoshiriki nami wasishiriki na mzee yeyote kati ya hao watatu, wengi wao lazima wawe ndugu wa yule marehemu. Walibaki kumi na saba. Vipande vidogo vya sentimogani saba nane nikavitupa, vingi ni bahati nasibu tu. Watu wanne wakabaki, na kati yao mmoja alikuwa na 214 na mwingine 431, akaunti zote mbili zinasimamiwa na mtu mmoja.

Nilimwandikia ujumbe mfupi. Sikutaja siri yoyote, nilisema tu natafuta ukoo wa mama mzaa baba, na kwamba asiponijibu nitaelewa. Alikaa miezi minne. Kisha akajibu: yeye ndiye mwenye 214, na 431 ni mama yake, bado yu hai. Akamsomea ujumbe wangu. Mama akamwambia muulize huyo kijana, baba yake alizaliwa mwaka gani.

Nikampa mwaka. Nusu saa baadaye akanipigia simu mama mwenyewe. Walikuwa na shangazi yao, dada wa baba yake, aliyeolewa mbali akafia ugenini kwa uzazi. Habari ya kifo ilifika kwao, habari ya mtoto haikufika. Baba yake alimtaja dada yake huyo mpaka anaingia kaburini, na kila mara alimalizia kwa kuuliza kama kile kichanga kiliishi. Nikamwambia kiliishi. Kikaoa, kikazaa watoto watano, mimi ni wa tatu.

Nikamwomba jina. Akanitajia.

Nilimpigia shangazi usiku uleule. Nikamtajia, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema subiri, akaweka simu chini, nikamsikia akimwita binti yake wa kwanza kwa sauti kutoka chumba cha pili, na jina aliloita lilikuwa lile lile.